Maneno Pacha Yasiyo Ndugu

Chuoni kwetu Kibokoni, Mombasa, palikuwa na kosa moja ambalo Maalim hakulisamehe. Mwanafunzi aliyetamka "kalb" mahali pa "qalb" alisimamishwa mbele ya wenzake akaulizwa: "Una nini kifuani mwako, moyo au mbwa?" Sisi wengine tulicheka, kisha zamu yetu ikafika nasi tukalia, maana bakora ya Maalim haikuwa na upendeleo. Maneno mawili yale yapitana kwa herufi moja tu, ile itokayo kooni na hii itokayo kinywani. Lakini moja ni moyo na jingine ni mbwa, na atakayeyachanganya akisoma atakuwa amesema jambo ambalo hakulikusudia.

Somo lile nililidhania la utotoni. Sikufikiri hata siku moja kwamba ningelikuta tena nikiwa na mvi, tena Asumbi, tena kwa Kihispania.

Ndugu msomaji atauliza: Asumbi na Kihispania wapi na wapi? Nami niliuliza vivyo hivyo. Asumbi iko Rangwe, katika kaunti ya Homa Bay, nchi ya Wajaluo, na jina lake limevuma kwa misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa na mapadri wa Mill Hill mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa shule zilizoizunguka misheni hiyo. Hapo pana shule ya wasichana na chuo cha ualimu ambacho wahitimu wake wametapakaa kote nchini. Mtu wa pwani akifika hapo hujiona mgeni kwa kila kitu, kuanzia ukungu wa asubuhi hata ugali wa jioni.

Aliyenialika ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza ambaye tulijuana zamani katika kongamano la lugha huku kwetu Mombasa. Majirani humwita "japuonj", yaani mwalimu, nami humwita hivyo hivyo Mwalimu. Yeye huniita Sheikh, ingawa nimemweleza mara nyingi kwamba mimi si sheikh bali ni mwandishi tu wa gazeti na mtunzi wa mashairi. Siku ile niliyofika alinitoa nje, akanikabidhi jogoo na kisu, akasema: "Kazi hii ni yako, Sheikh. Utakachochinja ndicho tutakachokula sote." Nilielekea kibla, nikapiga bismillahi, na jioni tukala sahani moja.

Baada ya chakula ndipo binti yake alipoleta daftari. Binti huyu ni muuguzi katika hospitali moja ya sehemu zile. Daftari lenyewe lilikuwa limechakaa pembe, na kila ukurasa umepigwa mstari katikati, kushoto Kiingereza na kulia Kihispania.

Kumbukeni kwamba mwezi Juni mwaka 2018 walifika nchini kwetu madaktari 100 kutoka Kuba, wakagawanywa katika kaunti. Mwaka huo huo madaktari 50 wa Kenya walipelekwa Kuba kusomea utabibu wa jamii, nao iliwabidi waanze na lugha. Mambo hayo yaliandikwa sana magazetini, mengi yakihusu mishahara na nyumba za wageni hao, na madaktari wetu wakilalamika, si bila sababu, kwamba wako wenzao waliosoma ambao hawajaajiriwa. Mwaka 2023 serikali ikatangaza kuwa mkataba hautaendelezwa na Wakuba wakarudi kwao. Lakini ni wachache walioandika juu ya jambo dogo la kila asubuhi wadini: mgonjwa asema Kijaluo, muuguzi atia Kiingereza, na daktari afikiri kwa Kihispania. Neno moja lavuka mito miwili kabla halijawa dawa.

"Baba," yule binti akaniambia, "mimi nilidhani nimejua Kiingereza mpaka nilipotakiwa kukipeleka kwingine."

Mwalimu alicheka. Miaka yote ya kazi yake alihangaika na maneno pacha ya Kiingereza, yale ambayo mwanafunzi akiyaandika huvalisha moja shati la mwenzake. "Lose" ni kupoteza, "loose" ni kulegea. "Quiet" ni kimya, "quite" ni kiasi cha kutosha. Alikuwa akiyaandika ubaoni, akiyafuta, akiyaandika tena, na mtihani ukifika wanafunzi wakayachanganya kama kwamba hakusema lolote. Sasa alipomwona binti yake akiyatafsiri kwa Kihispania akagundua njia ambayo asema angeijua mapema angepumzika: pacha hao wakivuka mpaka huenda kila mmoja kwenye ukoo wake. "Lose" huwa "perder" na "loose" huwa "suelto". "Quiet" huwa "callado" na "quite" huwa "bastante". Hakuna tena awezaye kusema wafanana. Ukitaka kuyatambua maneno mawili, usiyatazame nyuso, yaulize yaendako.

Walakini dawa hiyo haiponyi maradhi yote. "Prescribe" ni kumwandikia mtu dawa na "proscribe" ni kuipiga marufuku, na ukiyapeleka Uhispania utayakuta huko "prescribir" na "proscribir", pacha vile vile, kwa kuwa mama yao ni mmoja, Kilatini. Hapo lazima mtu arudi kwenye lugha yake mwenyewe aseme: huyu aandika, yule akataza.

Na kuna pacha wa namna nyingine walio hatari zaidi, nao ni wale ambao mmoja yuko Kiingereza na mwenziwe Kihispania. Wafanana sura kama sahani mbili za duka moja, na si ndugu. Muuguzi wetu aliwajua kwa gharama. Wiki yake ya kwanza na daktari wa Kikuba alimwaga chai juu ya karatasi za daktari. Akataka kusema ameona haya, na kwa Kiingereza hilo ni "embarrassed", basi akaligeuza kwa kubahatisha: "Estoy embarazada." Daktari akasimama, akamvutia kiti, akampa pongezi na kumuuliza ni miezi mingapi. Maana "embarazada" ni mwenye mimba. Hapo tulicheka hata mama wa nyumba akatoka jikoni kuuliza kuna nini, naye alipoelezwa akasema kumbe hata Wazungu wa Kuba wana mambo.

Alipokwisha kucheka akafunua ukurasa mwingine. Siku moja aliletwa msichana mdogo mwenye kikohozi. Daktari, kwa Kiingereza chake cha kujitafutia, alimwuliza mama ni kitu gani "kinachomolesti" mtoto. Kwa Kihispania "molestar" ni kusumbua tu. Nzi husumbua, kelele husumbua, kikohozi husumbua. Lakini kwa Kiingereza cha leo neno hilo likitajwa juu ya mtoto huwa ni kumchezea kwa uchafu. Yule mama alikuwa amesoma, akalisikia neno kwa Kiingereza, akamkamata mtoto mkono akataka kutoka. Muuguzi ilimbidi asimame mlangoni na kumweleza kwa Kijaluo. Kikohozi chenyewe kilikuwa mwanzo wa homa ya mapafu. "Angetoka, Baba," akaniambia, "asingerudi."

Hata neno jepesi kuliko yote, "once", lile la Kiingereza lenye maana ya mara moja, kwa Kihispania huandikwa kwa herufi zile zile na huwa ni hesabu ya 11. Tangu siku alipomwona daktari akikunja uso mbele ya faili iliyoandikwa hivyo, binti huyu aliacha maneno akarudi kwenye tarakimu za bahasha ya dawa ambazo kila Mkenya azijua: 1 x 1, 2 x 3.

Msiseme huo ni woga wa kike. Mwaka 1980 huko Florida, Marekani, kijana wa miaka 18 wa jamaa ya Kikuba alipelekwa hospitali akiwa hajitambui. Watu wake walidhani amedhurika na chakula, wakasema kwao ni "intoxicado", ambalo kwa Mkuba ni mtu aliyepatwa na madhara ya kitu alichokula au kunywa. Hospitalini likasikika kama "intoxicated" la Kiingereza, mlevi. Akatibiwa kama mtu aliyezidisha madawa ya kulevya. Kumbe alikuwa akivuja damu ubongoni, na ilipokuja kujulikana siku zilikuwa zimepita na mikono na miguu yote imepooza. Fidia iliyotolewa ilikadiriwa kufika dola milioni 71. Mkalimani hakuitwa, kwa sababu kila upande uliona umefahamu. Hilo ndilo linalonitisha mimi. Mtu asiyefahamu huuliza, lakini aliyefahamu kimakosa huendelea na safari.

Niliposikia habari hiyo nikakumbuka jambo ambalo kwa miaka mingi sikulizungumza. Marehemu mama yangu aliwahi kuugua, nikampeleka hospitali moja ambayo sitaitaja. Akamwambia aliyempokea: "Moyo wanichafuka." Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa. Moyo ukichafuka ni tumbo linalotaka kutapika, wala kifua hakimo. Lakini kijana aliyekuwa zamu alikuwa mtu wa bara, Kiswahili chake cha shule, naye akaandika kwa Kiingereza kwamba mgonjwa ana shida ya moyo. Basi mama akalazwa, akafungwa nyaya kifuani, akasubiri mtaalamu wa moyo siku nzima na usiku wake, huku chakula kibaya alichokula kikimkausha maji mwilini. Mimi nilikuwa nimekwenda kazini. Nilipokuja asubuhi na kusoma karatasi ile ndipo nilipojua. Alipona, Mungu amrehemu, akaishi miaka mingi baadaye. Yule kijana nilimkasirikia sana wakati ule. Leo simkasirikii. Alilijua neno "moyo" na alilijua neno "heart", ila hakuna aliyemfundisha kwamba moyo wa Mswahili una kazi nyingi kuliko kusukuma damu.

Nilipowahadithia hivyo Mwalimu akanyamaza, kisha akasema kwamba kwa Kijaluo ni ajabu zaidi, kwani "chuny" ni ini lile la nyama na ndilo hilo hilo moyo wa kupenda na kuhuzunika. Atakayetafsiri huzuni ya Mjaluo kwa kamusi atampeleka kupimwa maini. Tukacheka tena, lakini si kicheko cha ile chai.

Hapo ndipo Mwalimu alipotoa shauri la kuongeza mstari wa tatu katika daftari, wa Kijaluo, nami nikatia wa nne, wa Kiswahili. Tulikaa na kazi hiyo mpaka taa ikaanza kufifia. Fikira ya Mwalimu ilikuwa hii: binti alikuwa akisimama kwenye Kiingereza kama kwamba ndicho nchi kavu, na hali Kiingereza kilikuwa daraja tu, tena lenye mbao zilizooza. Neno la Kiingereza likimtatiza asikimbilie neno la Kihispania linalofanana nalo. Kwanza aulize kwa lugha ya mama: hiki ni kitu gani?

Na mambo tuliyoyaona yalinistaajabisha. Kiingereza kina neno moja la kidole cha mkono na jingine la kidole cha mguu, na binti alikuwa amesumbuka kutafuta mawili kwa Kihispania. Hakuna. Mhispania ana "dedo" tu, cha mkono au cha mguu, kama sisi tulivyo na kidole na Mjaluo alivyo na "lith". Mwingereza peke yake ndiye aliyeona haja ya kuvitenga. Kwingine yeye ndiye mvivu. Asema "is" kwa kila kitu, na Mhispania ana mawili: "es" kwa vile mtu alivyo, na "está" kwa hali aliyomo na mahali alipo. Ukisema mtu "es malo" umemtukana kuwa ni mwovu. Ukisema "está malo" wamwombea afya. Binti alikuwa akiyachanganya tangu 2018. Nikamwambia: sisi watu wa pwani husema fulani ni mwalimu, lakini yu mgonjwa, yu macho, yuko nyumbani. Si sawa sawa na Kihispania, lakini mlango ni huo. Akaandika "ni" na "yu" kwa wino mwekundu.

Nisije nikadaiwa kwamba napigia ngoma lugha yangu. Kiswahili nacho kina uvivu wake. Twasema "niazime jembe" na twasema "nimeazima jembe kwa jirani", mpaji na mpewa neno moja, na Mwalimu alinikumbusha jinsi wanafunzi wake walivyoteseka na "lend" na "borrow" kwa sababu hiyo hiyo. Kihispania hapo chafuata njia yake: kumpa mtu ni "prestar", na kutaka upewe ni "pedir prestado", kuomba kuazimwa.

Lakini kilichonifurahisha mimi, mtoto wa chuoni, ni mambo ya Waarabu. Waislamu waliingia Andalusi mwaka 711 na Granada ikaanguka 1492, na muda wote huo Kihispania kilikuwa kikinywa kisima kile kile tulichokuja kukinywa sisi huku pwani. Sukari yao ni "azúcar". Binti alikuwa na neno "hasta" ambalo alilikariri kwa shida, nikamwambia hilo ni "hatta" ya Kiarabu, ni "hata" yetu ya kale, ile ya "hata asubuhi". "Hasta mañana" ni hata kesho. Dawa ya maji ya chupa huitwa "jarabe", nayo ni "sharab", ile sharabu ya washairi wetu. Na wakitamani jambo husema "ojalá". Asili yake ni Kiarabu cha Andalusi, lau ashaa Mwenyezi Mungu. Binti alikuwa amemsikia daktari wake akilisema kila mgonjwa mahututi alipoingizwa ndani. Hakujua, na pengine daktari mwenyewe hakujua, ni nani aliyekuwa akiombwa.

Kisha likaja neno ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Katika daftari palikuwa na "headache" na "migraine", na upande wa pili "dolor de cabeza" na "jaqueca". Muuguzi alisema maneno haya mawili yalimpa taabu kuliko yote, kwani wagonjwa wake husema neno moja tu: "wiya bara." Nikamwuliza Mwalimu maana yake neno kwa neno. Akasema: kichwa changu chanipasua, kama mtu apasuavyo kuni. Nikamwomba binti anisomee tena lile la Kihispania. "Jaqueca." Nikashika kichwa changu. Hiyo ni "shaqiqa", neno la matabibu wa Kiarabu kwa maumivu yakamatayo nusu ya kichwa, na shina lake ni "shaqqa", kupasua. Mjaluo wa Asumbi na tabibu wa Kordoba, ambao hawakuonana wala kusikiana, waliguswa na maumivu mamoja wakalia kilio kimoja.

Sisi wa pwani tuna kipandauso, nalo si baya, lakini halipasui.

Nitasema neno moja juu yetu sisi, maana twajidai. Twawacheka watu wa bara wakisema "samba" badala ya shamba. Mtoto wetu wa mjini akimsikia mgeni akishindwa kutofautisha tembo anywaye na tembo mwenye mkonga, kwa kuwa mmoja hutamkwa kwa pumzi na mwingine bila pumzi, atamhadithia jioni barazani. Wakati huo huo sisi wenyewe twalaza wazee wetu mikononi mwa watu ambao hatukuwafunza kwamba moyo huchafuka. Kule Asumbi nilikaa na binti wa Kijaluo aliyekaa usiku kucha akitenga "ni" na "yu", na sikumsikia akicheka matamshi ya mtu.

Asubuhi kabla ya safari alikuja bibi mmoja jirani, amejifunga kitambaa kichwani. Hakuja kwa mgeni. Alikaa kwenye mkeka chini ya mwembe akamwambia muuguzi, nami sasa nikalifahamu: "Wiya bara." Binti akachutama mbele yake. Sikuelewa yote, lakini Mwalimu alinitafsiria pole pole. Kwapasuka upande mmoja au kote? Kulianza lini? Mwangaza wakuumiza? Waona vitu viwili viwili? Bibi akajibu hili na lile, akaweka kiganja juu ya jicho la kushoto. Muuguzi akaingia ndani, akatoka na kile kipimo cha shinikizo la damu, akampima mara mbili, hakupendezwa na alichokiona, akamwambia wataondoka pamoja kwa matatu hiyo hiyo itakayonichukua mimi.

Njiani alilifungua daftari juu ya magoti yake. Akaniuliza kipandauso huandikwa neno moja au mawili. Nikamwambia wako wanaokata na wako wanaounga, aandike moja. Akaandika, matatu ikiruka mashimo, herufi zimepinda, na kando yake akaandika jina la yule bibi na namba mbili alizozipata kwenye kipimo.